Safu ya Saba Ina Kosa

Tarehe 14 Machi 2015, siku ya Jumamosi, msoma mita wa idara ya maji alijaza fomu yake ya kwanza ya mpira wa kikapu. Fomu hiyo ingali kwenye kabati la chuma katika stoo ya ukumbi, faili la kwanza kushoto: wenyeji 61, wageni 58, wino wa buluu, hakuna tarakimu hata moja iliyokatwa. Aliyeijaza hakuwa amewahi kudaka mpira wa aina yoyote maishani mwake. Wiki moja kabla ya hapo alikuwa ameingia ukumbini kusoma mita iliyo nyuma ya bafu la wachezaji, akakuta mechi inaendelea, akasimama mlangoni na daftari lake. Mwisho wa robo ya pili alimfuata karani wa meza na kumwambia kwamba vikapu viwili vya namba tisa amempa namba nane.

Karani alimwuliza yeye ni nani.

"Msoma mita."

"Basi kasome mita."

Walipolinganisha na wachezaji wenyewe, msoma mita alikuwa sahihi. Jumamosi iliyofuata karani aliugua, na msimamizi wa ukumbi, ambaye ni mdogo wa mume wa msoma mita, akamtumia ujumbe: shemeji, njoo na kalamu. Tangu siku hiyo amekosa mechi nne tu za nyumbani, mbili kwa msiba na mbili kwa malaria. Ukumbini hakuna anayemwita jina lake. Wanamwita Mama Fomu.

Ana miaka arobaini na saba, mabinti wawili walio shule ya bweni, na mume fundi cherehani ambaye ndiye anayeshona namba kwenye jezi za klabu. Asubuhi husoma mita mia na arobaini kwa mguu. Hutembea kwa hatua fupi za haraka na huandika akiwa amesimama, daftari likiwa juu ya mkono wa kushoto. Mumewe husema ameoa mtu anayejua sufuria ina matone mangapi. Yeye hujibu kwamba sufuria za nyumba hii hazina siri, fundi mwenyewe ndiye mwenye siri, maana shati aliloahidi kulishona tangu Pasaka bado ni kitambaa.

Fomu ya mezani ina safu. Sita za kwanza zilikuwepo kabla yake: dakika, namba ya mtupaji, mahali alipotupia, umeingia au haukuingia, nani alitoa pasi ya mwisho, nani aliudaka uliporudi. Ya saba ni yake. Aliibuni mwaka 2017, msimu ambao ligi ilianza kulipa wachezaji mishahara na vilabu vikataka kujua kila mtu anafanya nini uwanjani. Kwa washambuliaji hapakuwa na shida, kikapu kina mwenyewe. Shida ilikuwa walinzi. Mlinzi akinyang'anya mpira au akiupiga kofi hewani anaandikwa, lakini hayo hutokea mara chache, na mechi moja ina mitupo zaidi ya mia na ishirini. Kwa mitupo mingine yote mlinzi hakuwa na kumbukumbu yoyote. Mama Fomu alipiga mstari pembeni ya karatasi, akaandika juu yake "Mlinzi", na chini ya neno hilo sheria moja: iandikwe namba ya mlinzi aliye karibu zaidi na mtupaji, mpira unapotoka mkononi.

Kwa mtu wa mezani hiyo ni sheria nzuri. Ana sekunde nne au tano kabla mchezo haujageukia upande wa pili, na umbali unaonekana kwa macho, hauna ubishi. Msimu uliofuata ligi iliipokea, na meza za vilabu vyote vinane zikaanza kuijaza. Barua ya ligi ya kumshukuru ameiweka kwenye droo ya kabati la nguo, chini ya vyeti vya kuzaliwa vya mabinti.

Kwa miaka mitano safu ya saba ilijazwa na hakuna aliyeifanyia kazi kubwa. Kisha mwaka huu, 2023, klabu iliajiri mtaalamu wa takwimu, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye shahada na kompyuta moja. Wachezaji walimpa jina la Asilimia kabla hajamaliza wiki. Aliziingiza fomu zote kwenye kompyuta, na mwezi wa Septemba akawaonyesha wachezaji jedwali la kwanza ukutani, akieleza kila namba imetoka safu gani. Jedwali la pili alilibandika kwenye ubao wa matangazo Ijumaa, tarehe 3 Novemba. Lilikuwa na walinzi arobaini na wanne wa ligi nzima. Jezi 14 wa klabu ya nyumbani alikuwa wa arobaini na moja. Katika mechi kumi na tatu za nyumbani, zilizojazwa na Mama Fomu, alikuwa ameandikiwa mitupo 168, na 89 ilikuwa imeingia. Asilimia hamsini na tatu.

Jezi 14 anaitwa Komeo. Ana miaka thelathini na moja, mabega mapana, magoti yanayofungwa bandeji kabla ya mazoezi, na haruki juu kama vijana. Kwa misimu sita kazi yake imekuwa moja: kumkaba mfungaji bora wa timu pinzani, awe nani. Mkataba wake unaisha mwaka huu. Kamati ya klabu ilipanga kukaa tarehe 17 Novemba, siku moja kabla ya mechi ya mwisho ya nyumbani, kuamua nani abaki na nani aende, na kwenye orodha ya wanaopendekezwa kuondoka jina lake lilikuwa la kwanza.

Kocha aliliona jedwali akiwa na kikombe cha chai mkononi. Amefundisha miaka ishirini na mbili na huamini anachokiona. Asilimia alikuwa bado anabandika kona ya mwisho.

"Kijana, umewahi kumkaba mtu?"

"Hapana, Kocha."

"Hata mwizi?"

"Hata mwizi."

"Basi hili ungeniachia."

"Nikuachie, Kocha, ila niambie macho yako yameona nini ambacho namba hazijaona."

"Yameona ulinzi."

"Upi? Mechi gani, dakika ya ngapi?"

Kocha hakuwa na dakika. Alisema tu kwamba mtu hampiti Komeo kushoto, hajawahi kupitwa kushoto, na kwamba aliyeandika hivi hajui mpira. Hapo akakumbuka aliyeandika ni nani. Mama Fomu alikuwa amesimama nyuma yake, mkoba begani.

"Dada, sikumaanisha wewe."

"Umemaanisha fomu. Fomu haina shangazi wala mjomba, Kocha. Inaandika kilichotokea."

"Wewe umekaa mezani miaka minane. Umeona nini?"

"Nimeona nilichoandika."

Mama Fomu alitembea na jibu hilo Jumamosi na Jumapili, na lilikuwa limekaa vibaya. Ukweli ni kwamba hakuwa na picha ya Komeo akipitwa. Alikuwa na namba tu. Jumatatu tarehe 6, alipomaliza zamu yake saa nane mchana, alikwenda ukumbini na fomu moja mkononi, ya mechi ya Agosti, ili alinganishe na video na kumaliza ubishi. Hakwenda kumtetea Komeo. Alikwenda kuitetea safu yake.

Video ziko kwa shemeji yake, msimamizi wa ukumbi. Ndiye anayefagia sakafu, kuwasha taa, kufunga milango na kuegesha kamera juu ya jukwaa kila mechi ya nyumbani. Chumba chake ni nusu ya stoo: meza, runinga ndogo, mafagio manne, gunia la mipira iliyopasuka ambayo hataki itupwe.

"Shemeji, leo umekuja kusoma mita yangu?"

"Leo nakusoma wewe. Weka ya Agosti, robo ya tatu."

Dakika ya nne ya robo ya tatu, fomu ilisema mtupaji namba 7, chini ya kikapu, umeingia, mlinzi 14. Kwenye video, namba 7 alikuwa anakabwa na kijana wa klabu anayeitwa Mwewe, mlinzi wa pili kwa ubora kwenye jedwali lote. Namba 7 alimzunguka Mwewe kwa hatua mbili. Mwewe alisimama alipoachwa. Kutoka upande wa pili kabisa wa eneo la kikapu, Komeo alimwacha mtu wake, akakimbia, akafika akiwa amechelewa nusu hatua na mkono juu. Mpira ukaingia juu ya vidole vyake. Wakati mpira unatoka mkononi, Komeo alikuwa karibu, Mwewe alikuwa mbali.

"Rudisha," alisema.

Shemeji alirudisha. Walitazama mara tatu.

"Huyu aliyepitwa si Mwewe?" shemeji aliuliza. "Nani kamwandika Komeo?"

"Mimi."

"Aisee."

"Usiseme aisee. Peleka mbele."

Hadi robo hiyo inaisha walikuta mitupo minne ya namna hiyo. Katika yote minne mkono wake ulikuwa umefuata sheria yake sawasawa. Hakukosea kuandika. Kilichokosewa kilikuwa sheria yenyewe: ilimtoza kikapu mtu aliyekwenda kuziba pengo, na ilimwacha safi aliyeliacha. Mlinzi mvivu kuliko wote, asiyemsogelea mtu, angekuwa na fomu nyeupe kama shuka.

Angeweza kunyamaza. Anakiri kwamba Jumatatu hiyo alilifikiria jambo hilo alipokuwa akirudi nyumbani. Ni safu yake, jina lake limo kwenye kanuni za ligi, na kuna wachezaji katika vilabu vinane ambao kwa miaka kadhaa wamepimwa nayo. Jumanne asubuhi alisoma mita ya nyumba ya vyumba vinne inayotumia bomba moja. Mita imefungwa mbele ya chumba cha kwanza, na mpangaji wa chumba hicho, mwuza mkaa, humsubiri kila mwezi kwa hotuba ile ile.

"Mama, andika na hili. Maji wanaacha wazi wao, natukanwa mimi, kisa mita iko mlangoni kwangu."

"Umeniambia mwezi uliopita."

"Na umeandika?"

Hakuwa ameandika. Daftari la idara halina nafasi ya jambo hilo. Alisimama barabarani dakika chache, kisha akaenda ofisini kuomba siku nane za likizo yake ya mwaka. Bosi wake alimwuliza kama kuna mgonjwa.

"Kuna kosa," alisema, na akasaini.

Zilibaki siku kumi. Mechi kumi na tatu za nyumbani zilikuwa na mitupo 851 ya wapinzani, na aliamua kuitazama yote, si ile ya Komeo peke yake, kwa sababu ukimtafuta mtu mmoja utamwona yeye tu. Mumewe alimpigia mistari ya fomu mpya kwa rula ndefu ya kukatia vitambaa. Safu zilikuwa tatu: nani alikuwa anamkaba mtupaji mwanzo wa shambulizi, nani alipitwa wa kwanza, nani alikuja kusaidia. Akaongeza ya nne iliyomgharimu muda kuliko zote. Humo aliandika kila mara mshambuliaji alipopokea mpira, akatazama kikapu, akaona hakuna njia, akautoa. Mambo hayo hayaandikwi popote katika dunia ya fomu, kwa sababu hakuna kilichotokea.

Alikaa kwenye stoo ya shemeji kutoka saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kwenye kiti cha plastiki chenye mto wa magunia. Mechi moja ilikula saa nne. Siku ya tatu macho yalimvimba, akanunua miwani ya kusomea kwa mchuuzi wa mlangoni, akaivaa juu ya pua kama mwalimu mkuu.

"Shemeji, sasa umekuwa mzee wa kusoma risala kwenye harusi," msimamizi alimwambia.

"Fagia, baba. Kelele zako zinanipotezea namba."

Siku hiyo hiyo alimwita Asilimia. Kijana alikuja akidhani anaitiwa fomu iliyopotea. Mama Fomu alimwonyesha mitupo minne ya Agosti. Asilimia alitazama, akavuta kiti, akatazama tena.

"Sikuwahi kuangalia video," alisema.

"Hata moja?"

"Niliamini fomu zako, mama."

"Na mimi niliziamini. Tuko wawili."

Hakumwomba akubali. Alimpa mechi tatu azitazame peke yake, nyumbani kwake, ajaze fomu mpya bila kuiona ya kwake. Alisema macho yake nayo si mita, yanaweza kupenda na kuchukia, na mtu akishajua anatafuta nini hukipata. Wiki ilipoisha walilinganisha. Katika kila mitupo kumi walikubaliana minane. Ile waliyotofautiana waliiweka kando, wakamwita Kocha awe wa tatu.

Kocha alikuja amefurahi. Alijua kuna habari njema kwa Komeo, na alikaa mbele ya runinga kama mtu aliyekuja kupokea samahani.

"Niliwaambia," alisema. "Macho haya hayajasoma chuo, lakini yanaona."

"Kocha," alisema Mama Fomu, "umesema mtu hampiti Komeo kushoto."

"Hajawahi."

"Mara ngapi?"

"Dada, hajawahi ni hajawahi."

Alimsogezea karatasi. Baada ya kuondoa mitupo ambayo Komeo alikuwa amekwenda kusaidia, ilibaki 107 ya watu wake mwenyewe. Waliokwenda upande wake wa kulia walitupa 69 na kuingiza 25. Waliokwenda kushoto walitupa 38 na kuingiza 21. Kushoto alikuwa anafungwa zaidi ya nusu ya mitupo.

Kocha aliomba kuona. Wakamwekea sita mfululizo. Mtupo wa nne alivua kofia.

"Ni goti," alisema taratibu. "Goti la kushoto. Ni tangu mwaka jana."

"Na yote sita ilitokea mbele yako, ukiwa umekaa benchi," alisema Asilimia.

"Wewe nyamaza. Wewe hukuangalia hata moja."

"Ni kweli."

"Basi tumekosa wote, tuendelee," alisema Mama Fomu, akageuza karatasi.

Jambo lililomtia uchungu alilikuta mwisho. Mechi tatu za karibuni za nyumbani hazikufanana na nyingine kumi. Katika zile kumi, Komeo alikimbia kwenda kusaidia kila pengo lilipotokea. Katika hizi tatu hakwenda. Mwewe anapitwa, mtu anaingia peke yake, na Komeo yuko hatua tatu pembeni na mtu wake, mikono kiunoni. Timu ilipoteza mbili kati ya hizo tatu, moja kwa pointi kumi na tisa. Na kwenye jedwali, kati ya Septemba na Novemba, Komeo alikuwa amepanda kutoka nafasi ya mwisho hadi ya arobaini na moja.

Alimsubiri baada ya mazoezi, Jumatano tarehe 15. Komeo alitoka bafuni na ndara, bandeji za magoti zikiwa shingoni.

"Mwanangu, kaa. Kwa nini umeacha kusaidia?"

Komeo alikaa.

"Mama, nani kakwambia?"

"Video."

"Septemba Asilimia alituonyesha unavyoandika. Aliye karibu ndiye anayeandikwa. Nikasema, kumbe nikikimbia kwenda kwa Mwewe najitia kitanzi. Basi nikabaki kwa mtu wangu. Mkataba unaisha, mama. Nina watoto watatu."

"Na timu?"

"Timu ndiyo iliyobandika jedwali."

Mama Fomu alimweleza alichokifanya kwa siku tisa, na kitakachosomwa Ijumaa, pamoja na habari ya kushoto. Komeo alisikiliza hadi hapo, kisha akainua kichwa.

"Hiyo ya kushoto lazima isomwe?"

"Lazima."

"Wakiisikia hiyo hawatasikia nyingine."

"Nikiificha, nimekuandikia barua ya huruma, si takwimu. Unataka huruma?"

"Sitaki."

"Mimi pia sina ya kukupa. Nina fomu."

Komeo alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza. Akamwuliza kama anajua kwamba wachezaji humwogopa kuliko refa. Alisema anajua, na kwamba refa angekuwa anaandika vizuri asingehitaji filimbi.

Kamati ilikaa Ijumaa saa tisa alasiri katika chumba cha mikutano cha klabu, kilicho juu ya ukumbi, chenye meza ya duara na feni inayogonga. Wajumbe tisa. Mwenyekiti ni mfanyabiashara wa vipuri, mtu wa maneno machache, na alimpa Mama Fomu dakika kumi. Alisimama na karatasi nne. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa hii: "Safu ya saba niliitunga mimi, na ina kosa."

Mjumbe mmoja alimwuliza mwenzake safu ya saba ni nini. Alieleza kwa mfano wa ule mtupo wa Agosti, akaonyesha video kwenye kompyuta ya Asilimia, mara moja tu. Kisha akasoma. Komeo aliandikiwa mitupo 168. Kati ya hiyo, 61 ilikuwa ya watu wa walinzi wengine, ambao aliwafuata baada ya walinzi hao kupitwa, na 43 iliingia. Kwa watu wake mwenyewe iliingia 46 kati ya 107, asilimia arobaini na tatu. Mara 212 mtu aliyekabwa naye alipokea mpira akautoa bila kujaribu kitu. Anayemfuata kwa hilo ana 88. Alisoma ya kushoto kwa sauti ile ile. Akasoma na mechi tatu za mwisho, na sababu yake kama alivyoambiwa na mwenyewe, akiwa amemwomba ruhusa.

Feni iligonga. Mwenyekiti alikuwa ameshika kalamu lakini haandiki.

"Mama, kwa hiyo miaka sita tumekuwa tunasoma nini?"

"Mlikuwa mnasoma nani alikuwa karibu."

"Na hizi mpya, tutajuaje nazo hazina kosa?"

"Zitakuwa nalo. Ndiyo maana kuna majina mawili chini yake, na video zimepangwa kwa tarehe pale stoo. Mtu yeyote achukue mechi moja akaitazame. Akinikuta nimekosea, aniambie dakika."

Mjumbe aliyekuwa karibu na dirisha alisema huyu mchezaji amekiri kwamba aliacha kuisaidia timu kwa makusudi, na hilo peke yake linatosha kumwondoa. Kocha alitaka kusimama. Mama Fomu alimtangulia.

"Aliacha kwa sababu ya safu yangu. Kama kuna wa kuondoka kwa hilo, anzeni na mezani."

Walimtoa nje wapige kura. Alikaa kwenye ngazi pamoja na Asilimia, ambaye alikuwa akikata kucha kwa meno. Chini yao shemeji alikuwa akipiga deki sakafu kwa ajili ya mechi ya kesho, na kila alipofika chini ya ngazi aliinua uso kuuliza kwa nyusi, na Mama Fomu akatikisa kichwa kwamba bado.

Baada ya dakika arobaini Mwenyekiti alifungua mlango. Kura tano kwa nne. Komeo anapewa mkataba wa msimu mmoja, si miwili aliyoomba, na daktari wa klabu aliangalie goti la kushoto kabla ya mwaka kuisha. Jedwali la ubaoni liondolewe leo. Safu ya saba isijazwe tena katika meza ya nyumbani, na Mama Fomu aiandikie ligi mwenyewe kueleza kwa nini. Kuhusu nafasi yake mezani, kamati haikusema kitu. Aliuliza. Mwenyekiti alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama kesho ni Jumamosi.

Asilimia alilibandua jedwali kwa kucha alizokuwa amebakiza. Komeo alikuwa amesimama mlango wa bafu. Kocha alimpita, akamgonga bega la kushoto, akamwambia kesho atamkaba mfungaji wa wageni kama kawaida, lakini atamsukumia kulia, na nyuma yake kushoto atawekwa Mwewe.

"Na Mwewe akipitwa?" Komeo aliuliza.

Kocha alimgeukia Mama Fomu.

"Nenda," alisema yeye. "Nitaandika aliyepitwa."

Barua kwa ligi aliiandika jioni hiyo hiyo kwenye meza ya cherehani, ukurasa mmoja na nusu, akaiambatanisha na fomu mpya na ile barua ya shukrani aliyoitoa kwenye droo. Kamati ya kanuni ya ligi itaisoma tarehe 2 Desemba. Jumatatu anarudi kwenye mita, na daftari lake sasa lina mstari aliouchora mwenyewe pembeni, kwa ajili ya nyumba zenye bomba moja.

Mechi ya mwisho ya nyumbani inaanza kesho saa kumi. Atafika saa tisa na kalamu mbili za buluu.